Maswali Matatu ya Kikumbo

Saa tisa na dakika kumi na nne alasiri, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, mchezaji namba nne wa timu ya Taifa alitoka katikati ya uwanja, akatembea mpaka kwenye kibendera cha kona, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mzee."

Kibendera hakikuitika. Mchezaji alingoja.

Watu elfu thelathini walicheka, wakidhani ni mzaha wa shujaa. Sekunde arobaini kabla ya hapo kichwa chake kilikuwa kimegongana na kichwa cha beki wa Mkoa wa Kaskazini, kwa mlio uliosikika hadi safu ya kumi na nane, kwa wauza karanga.

Muulizaji wa Serikali, Bwana Makame Siwa, aliingia uwanjani na fomu yake. Aliweka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto la mchezaji, kama kanuni inavyoelekeza, kisha akauliza.

"Jina lako nani?"

"Kitwana Shomvi."

"Uko wapi?"

"Uwanja wa Taifa."

"Nani anaongoza nchi?"

"Mtukufu Rais."

Majibu yote yalikuwa sahihi. Daktari Mkuu wa Michezo, Dk. Mlangwa, alitia sahihi bila kuinuka kitini. Dakika sita baadaye Kitwana Shomvi alifunga bao kwa paji la uso, na nchi nzima ikashangilia.

Jioni ile Waziri wa Michezo na Ushupavu, Mheshimiwa Ngwilizi, alizungumza redioni. "Wapo wasiotutakia mema wanaodai kwamba kijana yule alichanganyikiwa," alisema. "Kibendera kile kina rangi za Taifa. Kijana ameliamkia Taifa! Nawauliza wananchi wenzangu, ni wangapi kati yenu mmeliamkia Taifa leo?"

Kuanzia Jumatatu wachezaji wote waliagizwa kukiamkia kibendera cha kona kabla ya kila mechi. Kile ambacho Jumamosi kilikuwa dalili, Jumatatu kilikuwa kanuni, na hakuna aliyeweza tena kukitumia kama ushahidi.

* * *

Kwa msomaji asiyewahi kufika kwetu: kikumbo huchezwa na watu tisa kila upande. Mpira ni wa ngozi, umeshindiliwa katani, na uzito wake ni kilo mbili na robo. Ni marufuku kuugusa kwa mkono au kwa mguu. Anayeuzuia huuzuia kwa kichwa, na anayemkabili mwenye mpira humkabili kwa kichwa pia. Mchezaji wa kawaida hugongwa mara sitini katika mechi moja. Kitwana Shomvi alikuwa amecheza mechi mia nne na kumi na mbili katika miaka kumi na moja. Mwenye kutaka atazidisha mwenyewe.

Mechi zote huchezwa Uwanja wa Taifa. Viwanja vingine vilifungwa kwa heshima yake. Wageni mashuhuri wanaokaa jukwaa kuu huvaa kofia za chuma, kwa sababu mwaka mmoja mpira ulipaa ukampiga katibu mkuu sikioni, naye akapewa likizo ya mwaka mzima ili apate nafuu. Wachezaji hawavai kofia. Ilionekana zinapunguza mlio.

Serikali haijapuuza afya yao. Taasisi ya Vichwa ilichunguza wachezaji mia nne na haikukuta ufa hata mmoja kwa nje. Ndani hakukuchunguzwa, kwa kuwa kibali kilihusu nje.

Ndipo yakaanzishwa maswali. Mwaka wa kwanza yalikuwa saba. Mchezaji alitakiwa kukumbuka maneno matano na kuhesabu kinyumenyume kuanzia ishirini. Walioshindwa walikuwa thelathini na mmoja. Mwaka wa pili maswali yakapunguzwa yakawa matatu, nao walioshindwa wakawa wawili. Wizara ilitangaza kwamba afya ya wachezaji imeboreka kwa asilimia tisini na tatu.

Sheria haimruhusu mchezaji kuacha kikumbo kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano, isipokuwa ameshindwa swali mojawapo. Wanaofikisha umri huo hupelekwa Kambi ya Mashujaa, nje kidogo ya mji. Mwaka jana walikuwapo sitini na mmoja. Arobaini na wanne kati yao hawakuweza kufunga vifungo vya mashati yao. Wizara iliwagawia wote mashati yasiyo na vifungo, na katika taarifa ya mwaka ikaandika kwamba tatizo la vifungo limekwisha.

Kitwana Shomvi alikuwa na miaka thelathini na miwili.

* * *

Mkewe aliitwa Mwantumu. Alikuwa mchambuzi wa barua katika posta kuu, kazi ambayo kwa miaka kumi ilimzoeza kugundua kitu kilichoingia tundu lisilo lake. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaanza kuandika tarehe, saa na tukio. Aliandika kwamba mumewe alitia chumvi kwenye chai mara tatu kwa wiki moja. Aliandika kwamba alimwita binti yao "dada", na kwamba alisimama mlangoni kwa dakika ishirini akiwa ameshika kitasa, na alipoulizwa anakwenda wapi alisema anangoja filimbi.

Jambo kubwa kuliko yote aliligundua binti yao, Siwema, mwenye miaka minane. Watoto wa kwetu hucheza muulizaji kama watoto wa kwingine wanavyocheza duka. Jumapili moja asubuhi Siwema alimfuata baba yake aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akamwekea mkono begani.

"Baba, unataka uji?"

"Kitwana Shomvi."

Siwema akacheka. "Uji, baba! Nikutilie sukari?"

"Uwanja wa Taifa."

"Mama! Njoo umsikie baba! Baba, mama yuko wapi?"

"Mtukufu Rais."

Mwantumu alitoka jikoni akiwa na kisu cha mihogo mkononi. Alimtoa mtoto pale, akaweka mkono wake mwenyewe kwenye bega lile lile, akauliza mambo matatu yasiyohusiana: leo siku gani, viatu viko wapi, kichwa kinauma? Alipata majibu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Alipoondoa mkono, Kitwana alipepesa macho na kuuliza kama uji umeshaiva.

Siku ile ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Baada ya uji alikaa karibu na mkewe, akachukua muhogo, akaanza kuumenya vizuri kabisa.

"Mama Siwema, nikwambie kitu usimwambie mtu?"

"Sema."

"Pale uwanjani mimi silisikii swali. Nasikia mkono begani tu, halafu mdomo unaanza wenyewe. Nikizinduka nimeshajibu."

"Sasa kwa nini usinyamaze? Swali moja tu, Kitwana. Ukinyamaza swali moja tu, umerudi nyumbani."

Alifikiri, kisu kikiwa kimesimama kwenye ganda. "Ili unyamaze lazima uwepo," alisema. "Mimi wakati ule sipo."

Mechi ya Jubilei ilikuwa imebaki wiki tano. Mwantumu aliandika mazungumzo yale chini ya namba sitini na tatu, na kesho yake akaomba ruhusa kazini.

* * *

Ofisi ya Dk. Mlangwa ilikuwa na picha ya fuvu, kwa nje.

"Karibu, mama. Ameshindwa swali lipi?"

"Hajashindwa hata moja, daktari. Hiyo ndiyo shida."

"Mwaka wa tisa huu niko kwenye kiti hiki, sijawahi kuletewa lalamiko kwamba mgonjwa amefaulu."

"Kwa hiyo umekubali ni mgonjwa."

Daktari alimgeukia karani wake. "Andika mchezaji. Nimesema mchezaji."

Mwantumu alifungua daftari. "Juzi ameweka viatu kwenye sufuria, akafunika, akakaa kungoja vichemke."

"Vikachemka?"

"Moto haukuwashwa."

"Basi hakuna madhara." Daktari alipekua kurasa chache kwa heshima. "Mwandiko safi sana huu, mama. Lakini hili ni daftari. Sisi tunapokea fomu."

"Basi fanyeni jambo moja dogo. Mwulizeni swali la tatu kwanza. Mara moja tu, mtaona."

"Na la kwanza liende wapi?"

"Liwe la mwisho."

Daktari alimtazama kama aliyeambiwa aanze wiki na Alhamisi. Mpangilio wa maswali, alieleza, umo katika Jedwali la Pili la Sheria ya Kikumbo. Hata hivyo raia ana haki ya kupeleka Ombi la Kubadilisha Mpangilio, mradi liwe limetiwa sahihi na mchezaji mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na akili timamu.

Kitwana alitia sahihi siku ya Jumatano, mbele ya mashahidi wawili, bila kutetemeka. Sahihi ilikuwa nzuri mno. Siku ya Ijumaa tume ya Wizara ililikataa ombi na kuiweka sahihi hiyo kwenye jalada kama uthibitisho wa akili timamu.

* * *

Muulizaji Makame Siwa aliishi mtaa wa tatu kutoka kwao. Mwantumu alimkuta uani akifua sare yake.

"Hodi, kaka Makame."

"Karibu, shemeji. Samahani, mikono ina sabuni."

"Sikai. Nijibu kitu kimoja. Umeshamwuliza mume wangu mara ngapi?"

"Miaka yote hiyo? Zinapita elfu."

"Aliwahi kukukosea?"

"Hata siku moja. Yeye ndiye bora kuliko wote."

"Mimi nikikuuliza jina lako mara elfu, kaka Makame, hata siku moja hutaniambia 'wewe mwanamke, si umeniuliza jana'?"

Makame aliendelea kukamua shati ambalo lilikuwa limeshakauka maji. "Shemeji, mimi kazi yangu kuuliza. Kusikiliza ni idara nyingine."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako nyumbani, sikuja idarani."

Alilitundika shati, akalinyoosha mabega mawili sawasawa. "Jumamosi," alisema. "Nitaanza na la tatu. Mungu anisamehe, sijui hata kama ulimi utakubali."

Ulimi ulikubali. Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita, saa kumi na dakika tano, Kitwana alianguka baada ya kugongwa na watu wawili kwa pamoja. Makame aliingia, akaweka mkono begani, na kwa kuwa mechi ilikuwa ikitangazwa redioni, kipaza sauti kilikuwa mbele ya kifua chake.

"Nani anaongoza nchi?"

"Kitwana Shomvi."

Inasemekana hata wauza karanga walifunga vikapu.

"Uko wapi?" Makame aliendelea.

"Uwanja wa Taifa."

"Jina lako nani?"

"Mtukufu Rais."

* * *

Kamati ya uchunguzi ilikutana Jumatatu chini ya uenyekiti wa Waziri. Mbele yake kulikuwa na fomu yenye visanduku viwili, "mzima" na "mhaini". Mzima angeendelea kucheza. Mhaini angepelekwa gereza la kisiwani, maisha. Mchezaji mwenyewe hakuitwa, kwa kuwa alikuwa mazoezini. Aliitwa mkewe.

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "hapa hatuna ugomvi na wewe. Tuambie tu ukweli. Mumeo ni mzima au ni mhaini?"

"Ni mgonjwa, Mheshimiwa."

Waziri alimgeukia karani. "Hilo limo?"

"Halimo, Mheshimiwa."

"Chagua katika yaliyomo, mama."

Mwantumu aliikagua fomu mbele na nyuma kwa muda ambao karani aliurekodi kuwa dakika moja na sekunde kumi. Kisha alisema, "Mzima." Alipewa kalamu, akatia alama kwenye kisanduku kwa mkono wake.

Kamati ilitoa uamuzi alasiri ile ile. Majibu ya mchezaji, ilisema, yalikuwa sahihi yote matatu, tena kwa mpangilio wa kisheria. Aliyekosea ni muulizaji. Makame Siwa aliondolewa kazini kwa kosa la kuuliza bila utaratibu, akahamishiwa stesheni ya reli ya mkoani, awe anawauliza abiria wanakokwenda. Treni ya mwisho kusimama pale ilipita miaka kumi na miwili iliyopita. Muulizaji mpya alipewa kadi ya maswali iliyofungwa shingoni kwa mnyororo, ili mpangilio usipotee tena.

Kwa kuwa wananchi walikuwa wameingiwa na wasiwasi, Waziri aliongeza jambo la kuwatuliza. Siku ya Jubilei wake wa wachezaji wangesimama kando ya uwanja wakiwa na taulo za rangi za Taifa, na mchezaji yeyote atakayeanguka angefutwa uso na mkewe kabla ya kuulizwa. "Taifa ni familia," alisema Waziri. "Na picha za televisheni zitakuwa safi zaidi."

Mwantumu alilisikia tangazo hilo posta, akiwa na bunda la barua za Kusini mkononi. Aliliweka bunda chini, akalisikiliza tena saa moja baadaye liliporudiwa.

* * *

Ikiwa majibu hutoka kwa zamu bila kujali swali, basi anayetangulia kuuliza huchukua jibu la kwanza. Mwantumu akiuliza swali lolote wakati wa kufuta uso, jina litatolewa kwake. Muulizaji atakapouliza jina atapewa uwanja. Hilo ni kosa, na kosa moja linatosha.

Walifanya majaribio nyumbani asubuhi kabla ya shule. Siwema alikuwa muulizaji, kadi yake ni kifuniko cha sufuria kilichofungwa kwa uzi shingoni. Mwantumu alipiga magoti, akamfuta mumewe uso, akaweka mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

"Umekula?"

"Kitwana Shomvi."

Mkono ukaondoka, wa Siwema ukaingia. "Jina lako nani?"

"Uwanja wa Taifa."

"Umekosea! Mama, amekosea! Nenda nyumbani, wewe!" Siwema aliruka na kifuniko chake.

Kufikia jaribio la tano hakuruka tena. Alipomaliza kuuliza alikaa pembeni ya baba yake, akamrudishia mkono wake mapajani, maana ulikuwa umebaki hewani.

Daftari linaonyesha majaribio kumi na manne katika siku kumi na nne. Yaliyofaulu ni kumi na manne. Swali lililotumika katika yote ni "Umekula?", na kando yake Mwantumu aliandika: *Swali hili tu. Nisiongeze neno.*

* * *

Mechi ya Jubilei ilianza saa kumi kamili. Jukwaa kuu lilikuwa na kofia za chuma mia mbili na nne, mpya. Wachezaji kumi na wanane walipanga foleni, wakakiamkia kibendera cha kona mmoja mmoja. Kitwana alipofika zamu yake alibaki pale akingoja kuitikiwa, ikabidi avutwe.

Saa kumi na dakika thelathini na moja aligongana na nahodha wa timu ya wageni. Alianguka chali. Mwamuzi alipuliza filimbi na kuwaita mke na muulizaji.

Mwantumu alikimbia mita arobaini na taulo. Alipiga magoti. Kulikuwa na majani na mate kwenye shavu, aliyafuta. Macho ya Kitwana yalikuwa wazi, yakitazama juu. Muulizaji mpya alisimama nyuma yake akiwa ameshika kadi. Mwantumu aliweka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Kipaza sauti cha televisheni kilikuwa karibu, na kilichosemwa kimehifadhiwa.

Alisema, "Kitwana. Unanijua?"

Kitwana alimgeuzia macho.

"Mwantumu," alisema. "Mbona umelowa uso?"

Zilipita sekunde nne. Kwenye mkanda Mwantumu anaonekana akifungua mdomo, na inasikika "Ume—", kisha muulizaji anasema, "Tafadhali, mama, muda," na mkono wake unaingia mahali pa mkono wa mke.

"Jina lako nani?"

"Kitwana Shomvi."

"Uko wapi?"

"Uwanja wa Taifa."

"Nani anaongoza nchi?"

"Mtukufu Rais."

"Hayupo!" Mwantumu alipiga kelele. "Alikuwapo sasa hivi, ameondoka! Mwulizeni kingine, mwulizeni mtoto wake anaitwaje!" Askari wawili walimrudisha kando ya uwanja kwa adabu, wakamwokotea taulo lake.

Dk. Mlangwa alitia sahihi saa kumi na dakika thelathini na nne. Kitwana Shomvi aliinuliwa, akashangiliwa, akarudi nafasi yake.

Saa kumi na dakika arobaini na saba aligongwa na mpira ubavuni mwa kichwa, kisha na beki. Mwantumu aliingia uwanjani bila kungoja kuitwa. Muulizaji aliinama, akaweka mkono begani, akauliza jina. Alingoja sekunde sitini, kama kanuni inavyoelekeza, na kifua cha mchezaji hakikupanda wala kushuka. Aliuliza tena, ingawa kanuni haielekezi.

Saa kumi na dakika hamsini Dk. Mlangwa aliinuka kitini, akaja mwenyewe katikati ya uwanja, akaandika: *Swali la kwanza: hakujibu. Ameshindwa. Anaruhusiwa kuacha kikumbo.* Alitia sahihi. Nakala ya manjano alikabidhiwa mke, ambaye alikuwa bado anamfuta uso.